Mkono Uliokataliwa

Majuzi barazani mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, mpira gani huo wa Wamarekani, unaoshikwa kwa mikono?" Tukacheka sote. Nikamjibu kwamba hata mimi niliudharau mchezo huo, mpaka niliposoma habari za bwana mmoja aitwaye Johnny Unitas.

Ndugu msomaji, katika mchezo huo kila timu ina mchezaji aitwaye kwotabeki. Huyo ndiye nahodha wa jahazi. Mpira ukishafika mikononi mwake, huku mapande ya watu yakimjia mbio kumwangusha, ana sekunde chache tu za kuamua: ampe mwenziwe wa karibu, au aurushe mbali kwa anayekimbia mbele.

Unitas alizaliwa mjini Pittsburgh mwaka 1933. Babake alifariki yeye akiwa na miaka 5, na mamake akaishika biashara ya kuuza makaa ya mawe ili awalee wanawe. Mwaka 1955 timu ya mji wake, Pittsburgh Steelers, ilimchukua, kisha ikamwachisha kabla hajacheza hata mechi moja ya ligi. Naye alikuwa na mke na mtoto. Akaenda kufanya kazi ya ujenzi, na huku akichezea timu ndogo ya mtaani kwa malipo ya dola 6 kwa mechi.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka 1956 aliitwa na Baltimore Colts. Kwotabeki wao alipoumia, Unitas akaingizwa dhidi ya Chicago Bears. Mpira wake wa kwanza ulidakwa na adui, akaupeleka moja kwa moja kufunga! Colts wakafungwa 58 kwa 27. Wengine wangalikata tamaa siku hiyo hiyo.

Yeye hakukata. Tarehe 28 Desemba 1958, mjini New York, Colts walikuwa nyuma kwa 17 kwa 14 katika fainali. Zikiwa zimesalia dakika mbili hivi, Unitas aliwapeleka wenziwe hatua kwa hatua mpaka wakasawazisha. Muda ukaongezwa, wakashinda 23 kwa 17. Tangu mwaka 1956 hadi 1960, pasi zake zilizaa bao katika mechi 47 mfululizo. Rekodi hiyo haikuvunjwa mpaka mwaka 2012, na Drew Brees.

Alistaafu mwaka 1974, akiwa wa kwanza katika ligi hiyo kupitisha yadi 40,000 za pasi. Lakini mchezo nao ulidai haki yake. Mkono wake wa kulia, uliowahi kuumia vibaya, uzeeni ulidhoofu hata vidole visimtii. Alifariki mwaka 2002, akiwa na miaka 69.

Nilipomaliza, yule mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mkono uliomlisha ndio alioulipa." Sikuwa na la kuongeza.

Ila nawaza vijana wetu wanaoambiwa "hufai" siku ya kwanza uwanjani. Waliomwachisha Unitas nao walikuwa mabingwa wa kuchagua wachezaji. Je, sisi tunaochagua kwa kutupa jicho mara moja tu, tumewapoteza wangapi?