Tarakimu Zinazostahili Kuaminiwa

Wasikilizaji wangu, leo nataka tuzungumze habari za vipimo, na hasa jambo moja ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Mtu akikupa hesabu ya kitu kilichopimwa, je, ni tarakimu ngapi katika hesabu hiyo zinazostahili kuaminiwa?

Wazee wa pwani walipima nguo kwa shibiri na dhiraa. Shibiri ni toka ncha ya kidole gumba hata ncha ya kidole cha mwisho, vidole vikiwa vimetanuliwa. Shibiri mbili ni dhiraa moja, yaani toka kiwiko hata ncha ya kidole cha kati, na dhiraa nne ni pima moja. Vipimo hivi vina fadhila yao, kwani mtu hutembea navyo wala hawezi kuvisahau nyumbani. Walakini mikono ya watu hailingani. Mnunuzi mwerevu humpeleka dukani ndugu yake aliye mrefu, na mwenye duka naye humwita kijana wake aliye mfupi. Wote wawili wasema, "Dhiraa kumi," na wote wawili wasema kweli, wala nguo si sawa.

Ndiyo sababu watu wa elimu hutaka kizio, yaani kipimo kimoja kilichokubaliwa na wote. Mwaka 1791 Wafaransa waliamua kwamba mita iwe sehemu moja katika milioni kumi ya njia itokayo Ncha ya Kaskazini hata Ikweta. Mwaka 1799 wakaweka ufito wa platini uwe ndio mita yenyewe. Tangu mwaka 1983 mita hutolewa katika mwendo wa nuru: ni umbali ambao nuru huupita, mahali pasipo hewa, katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Mkono wa mfalme wala wa mwenye duka haumo tena.

Lakini hata mkiisha kukubaliana kizio, shauri halijakwisha. Tuseme ndugu wawili wamegawana shamba la baba yao, wakalipima kwa kamba yenye fundo kila mita. Fungu la mkubwa lilikuwa na mafundo 73 kwa urefu na 48 kwa upana. Fungu la mdogo lilikuwa na mafundo 70 kwa 50. Mkubwa akapiga hesabu akapata mita za eneo 3,504, na mdogo akapata 3,500. Mdogo akalalamika kwamba amepunjwa mita nne, maneno yakawa makali, wakaenda kwa wazee.

Sasa itazameni kamba ile. Haina alama yo yote baina ya fundo na fundo. Mpaka ukiangukia katikati, mpimaji hutwaa fundo lililo karibu zaidi. Basi aliyesema 73 huenda urefu wake ulikuwa 72 na nusu, au 73 na nusu, na 48 kadhalika. Zidisheni pande zilizo fupi, yaani 72.5 kwa 47.5, mtapata karibu 3,444. Zidisheni zilizo ndefu, 73.5 kwa 48.5, mtapata karibu 3,565. Tofauti yake ni mita 121! Na fungu la pili lina mashaka kama hayo hayo. Ndugu hawa wagombania mita nne, na kamba yao haijui mita mia. Sisemi kwamba mafungu yao ni sawa sawa. Nasema kwamba kamba ile haiwezi kuamua. Wakitaka kujua habari za mita nne, na watafute utepe wenye sentimita, wapime upya.

Tarakimu ambazo kipimo kimezithibitisha, pamoja na ile moja ya mwisho yenye shaka kidogo, huitwa tarakimu za maana. Katika 73 ziko mbili, na katika 48 mbili. Ukizizidisha, jibu lisidai kuwa na zaidi ya mbili, kwa kuwa kuzidisha hakuongezi maarifa. Kwa hiyo 3,504 yafaa iandikwe 3,500. Sifuri nayo ina hila zake. Katika 0.073 sifuri hizo huonyesha mahali tu, na tarakimu za maana ni mbili. Katika 73.0 ziko tatu, maana sifuri ile yashuhudia kwamba sehemu ya kumi ya mita ilitazamwa, ikaonekana haizidi wala haipungui. Asiyeitazama asiiandike.

Nawapeni mfano mkubwa zaidi. Hans Meyer alifika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, na vitabu vya Wadachi vikaandika urefu wa mita 6,010. Siku zile kilele kilipimwa kwa uzito wa hewa, ambao hupungua kadiri mtu apandavyo, na hewa ni kigeugeu. Mwaka 1952 wapima nchi wa Kiingereza walipata futi 19,340, ndizo mita 5,895 zilizoenea mashuleni. Kosa la kwanza lilikuwa zaidi ya mita mia. Baadaye mlima ukapimwa kwa msaada wa setilaiti: mwaka 1999 ikatoka 5,892, mwaka 2008 ikatoka 5,891, na mwaka 2014 ikatoka 5,899.

Mwanafunzi atauliza, "Je, mlima hushuka na kupanda?" La. Hata usawa wa bahari, unaohesabiwa kuwa mwanzo wa kipimo, ni mgumu kuujua chini ya mlima ulio mbali na pwani. Ziandikeni hesabu hizo nne, toka ya 1952 hata ya 2014, moja chini ya nyingine. Zote zaanza na 589. Ni tarakimu ya nne tu inayobadilika, na hiyo ndiyo yenye shaka.

Mwisho, chukueni kalamu mzidishe 19,340 kwa 0.3048, kwa kuwa futi moja ni mita 0.3048 kamili tangu mapatano ya mwaka 1959. Mtapata 5,894.832. Mwanafunzi atakayeiandika yote atawaambia watu kwamba mlima ule ulipimwa hata milimita mbili za mwisho, na hali waliopima walihesabu kwa futi. Hata sifuri iliyo mwisho wa 19,340, tukiitazama peke yake, haituambii kama ilipimwa au iliwekwa kujaza nafasi.