Je, Wajua? Uzito wa Maji ya Nyanza Hupimwa kutoka Angani

Je, wajua ya kuwa maji ya Ziwa Nyanza (Victoria) yapigayo gati ya Kemondo, ambako meli ya MV New Victoria hupitia katika safari zake baina ya Mwanza na Bukoba, yamepata kupimwa uzito wake na setilaiti mbili za GRACE, zilizorushwa tarehe 17 Machi 2002 kwa ubia wa Marekani na Ujerumani?

Zilifuatana kwa masafa ya kilomita 220 hivi. Ya mbele ilipokaribia penye uzito mwingi, kama ziwa lililofurika, ilivutwa kabla ya mwenziwe, na tofauti hiyo, ndogo kuliko unene wa unywele, ikadhihirisha wingi wa maji.

Lakini kwa kuwa hewa hafifu ya huko juu na mwanga wa jua navyo husukuma setilaiti, katika kitovu cha kila moja kiliwekwa kipimamchapuko kilichoundwa Ufaransa, ambacho ndani yake kipande cha titani, upana wake sentimita 4, huelea kwa nguvu za umeme pasipo kugusa kuta. Na kadiri ya umeme utakiwao kukizuia katikati ndiyo kadiri ya msukumo, hata ukiwa sehemu moja katika bilioni 100 ya mvuto wa ardhi.

Msukumo huo ukitolewa katika hesabu, hubaki mvuto wenyewe; kwa hekima hiyo wataalamu waliona Nyanza ikipungua kati ya 2003 na 2006. Setilaiti za GRACE-FO, zilizorushwa tarehe 22 Mei 2018, ndizo zilizorithi kazi hiyo.