Okoth, Okech, Okeyo: Mwanzo Mmoja, Maana Mbalimbali

Chukua rejista ya darasa lolote hapa Kisumu, iwe ni kule Kondele, Nyalenda au Manyatta, kisha uifungue. Utaona herufi O zimejipanga kutoka juu hadi chini kama omena walioanikwa pale Dunga. Otieno, Omondi, Odongo, Okoth. Upande wa wasichana nao ni A tupu: Atieno, Akinyi, Adongo, Akeyo. Mwalimu mgeni kutoka Ukambani hujikuna kichwa wiki nzima ya kwanza, ingawa kwao pia akina Mutua, Mutuku na Mutiso hawahesabiki.

Wengi hudhani jambo hili ni sawa na lile la maneno ya Kiingereza yanayofanana mwanzo na kulingana urefu. Hebu tazama haya: stone, store, storm, story, stove. Yote yana herufi tano na yote yanaanza kwa sto. Je, yana udugu? Hata kidogo! Jiwe, duka, dhoruba, hadithi na jiko yamekutana tu, kama abiria ndani ya matatu ya kwenda Ahero. Ukiikata hiyo sto na kuitupa, unabaki na vipande visivyosema lolote.

Kiswahili sivyo kilivyo. Kiti, kitu na kito yanaanza kwa ki- kwa sababu maalum. Hiyo ki- inakuambia kwamba uko katika ngeli ya KI-VI, na kwamba wingi utakuwa viti, vitu na vito. Ndiyo maana mwanafunzi anayetafuta neno "viti" chini ya herufi V katika kamusi atatafuta mpaka kengele ilie.

Sasa majina ya Kijaluo yanaegemea upande wa Kiswahili, si wa Kiingereza. Kwa kawaida O ya mwanzo inasema mwenye jina ni wa kiume, na A inasema ni wa kike. Kinachofuata ndicho kinachoeleza alizaliwa lini au alizaliwaje. Otieno na Atieno walizaliwa usiku. Onyango na Anyango ni wa asubuhi jua likishapanda. "Chieng'" ni jua, kwa hivyo Ochieng' ni wa adhuhuri. Kwa mapacha, Opiyo ni yule aliyetangulia, Odongo ni aliyemfuata, na mtoto atakayezaliwa baada yao huitwa Okello. Owino naye alitoka na kitovu kimemzunguka. Kwa ufupi, O ni mlango tu. Wenyewe wako ndani.

Utamu wenyewe uko katika majina matatu niliyoyaweka juu ya makala haya. Okoth, Okech na Okeyo yana herufi tano kila moja na yote yanaanza kwa Ok. "Koth" ni mvua. "Kech" ni njaa. "Keyo" ni kuvuna. Mtu akisoma matatu haya amesoma mwaka mzima wa mkulima wa kule Nyakach au Seme. Na tazama vizuri: Okech na Okeyo yanafuatana herufi tatu nzima, yanaachana mbili za mwisho tu. Katika herufi hizo mbili ndipo njaa na mavuno hutengana!

Usidhani ni mchezo wa maneno. Mama mmoja wa mtaani kwetu, muuza samaki, alimlipia mwanawe karo ya muhula katika shule fulani. Karani alikuwa na haraka, mkono wake ukaandika Okeyo badala ya Okech. Pesa zikaingia kwa mtoto wa wenyewe. Okech akafukuzwa nyumbani siku tatu, ati hajalipa, na mama ana risiti mkononi. Risiti ilikuwa ya kweli, pesa zilikuwa za kweli, ila jina halikuwa lake. Sasa siku tatu za hesabu utazirudisha vipi?

Majirani zetu pia wana milango yao. Ukipanda milima ya Nandi unayoiona kutoka mjini hapa, unaingia kwa akina Kip- na Che-. Kiprotich na Cherotich walizaliwa ng'ombe wakirudi nyumbani. Nchini Uganda, Waacholi na Walango wana O na A kama sisi, maana lugha zetu ni ndugu. Opiyo wetu kwao ni Opio. Tarehe 27 Julai 1985 Rais Milton Obote alipinduliwa na wanajeshi wa Bazilio Olara-Okello na Tito Okello. Msomaji wa gazeti aliyeshika herufi ya kwanza peke yake siku hiyo sijui alielewa nini. Na yule John Okello wa mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 alitoka Lango, na jina lake linasema lile lile la mtoto anayefuata mapacha.

Bila shaka utaniuliza: na Grace Onyango, aliyekuwa meya wa Kisumu mwaka 1965, mbona ana O ilhali ni mwanamke? Onyango lilikuwa jina la mumewe. Lake mwenyewe lilikuwa Akech, lenye A yake. Tena wako wasio na O wala A, kama Tom Mboya aliyezikwa Rusinga. Kwa hivyo hata huo mlango una madirisha.

Ninachowaomba viranja ni kwamba waache kuandika "O. O." kwenye orodha za zamu. Hizo ni duara mbili tu, na darasani mwetu zinaweza kumwangukia yeyote. Na mtakapoletewa orodha ya kusahihisha majina kabla ya mtihani wa KCSE, wewe Okeyo usiridhike kuona Oke ukatia sahihi mbio mbio. Soma hadi herufi ya mwisho, maana Okech yuko mstari wa juu yako, naye pia ana haraka ya kwenda kula.