Wazazi, Sikilizeni Watoto Wanaimba Nini

Jua likishuka watoto wako hukusanyika uani kucheza kombolela. Kwanza hutafutwa wa kufumba macho. Mkubwa wao huwapanga duara, akaimba maneno mafupi huku akiwagusa kifuani mmoja mmoja, na yule anayeangukiwa na neno la mwisho ndiye. Ni mchezo mzuri. Lakini je, umepata kuyasikiliza maneno yenyewe?

Watoto wa Uingereza na Marekani nao huchaguana vivyo hivyo. Wimbo wao unaojulikana sana huitwa Eeny, Meeny, Miny, Mo. Nao husimulia habari ya kumkamata mmoja kwa kidole cha mguu. Siku hizi anayekamatwa ni chui milia. Zamani hakuwa mnyama. Mwaka 1888 Mmarekani Henry Carrington Bolton alitoa kitabu cha nyimbo za namna hii, na humo anayekamatwa ni mtu mweusi, tena ametajwa kwa lile jina la dharau walilokuwa wakiitwa watumwa. Utumwa ulikuwa umekomeshwa huko mwaka 1865. Jina lake likabaki vinywani mwa watoto wadogo.

Uko na wimbo mwingine, wa kuhesabu kurudi nyuma kutoka kumi. Mwaka 1868 Mmarekani Septimus Winner aliutunga juu ya Wahindi Wekundu; mwaka 1869 Mwingereza Frank Green akaugeuza kuwa juu ya vijana weusi kumi. Mmoja anapaliwa na chakula, mwingine anajipasua akichanja kuni, mwingine anaumwa na nyuki, mwingine anakumbatiwa na dubu, hata wanakwisha wote. Uliimbwa kwanza katika maonyesho ya Wazungu waliojipaka masizi usoni ili wawachekeshe watu. Baadaye ukaingia katika vitabu vya watoto. Hivyo mtoto alijifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: hesabu, na kwamba kifo cha mtu mweusi ni kichekesho.

Mwandishi mashuhuri Agatha Christie alilitumia jina la wimbo huo kwa kitabu chake kilichotoka London mwaka 1939. Wamarekani walipokichapa mwaka 1940 walikipa jina jingine. Uingereza jina la kale liliendelea kuchapwa hata miaka ya 1980, na Ufaransa lilibadilishwa mwaka 2020 tu. Hadithi ni ile ile, wala utamu wake haukupungua.

Labda utasema, “Sisi tuliimba nyimbo kama hizo utotoni, wala hatukumchukia mtu.” Nakusadiki. Lakini sikia kisa hiki. Mwaka 2001, katika ndege moja huko Marekani, mhudumu kijana aliwahimiza abiria wakae upesi, akitumia mwanzo wa ule wimbo wa kuchaguana. Abiria wawili, akina mama weusi, ndugu wa tumbo moja, walikuwa bado wamesimama. Waliona wametukanwa mbele ya watu, wakaenda mahakamani. Mhudumu alisema hakupata hata siku moja kuyasikia maneno ya kale. Mwaka 2004 baraza la mahakama liliamua kwamba kampuni ya ndege haikuwa na hatia.

Tazama basi. Msemaji hakujua, na wasikiaji waliumia. Kwake ulikuwa wimbo wa chui milia. Kwao ulikuwa jina walilotupiwa tangu utoto. Wahenga walisema: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Tusiwanyoshee kidole watu wa ng’ambo tu. Hapa kwetu nako mtoto mwenye ualbino akipita njiani, wenzake humfuata wakimwimbia, “Zeruzeru! Zeruzeru!” Nao hucheka, kama walivyocheka wale wa Ulaya. Lakini sisi tunajua yaliyotukia Tanzania, hasa miaka ya baada ya 2006, watu wenye ualbino walipouawa na kukatwa viungo kwa imani za uchawi. Aliyezoea tangu utotoni kumwita mwenzake kama kitu, si ajabu akiwa mkubwa asishtuke mwenzake akitendwa kama kitu. Tangu mwaka 2015 tarehe 13 Juni imekuwa siku ya dunia nzima ya kukumbuka haki za watu hawa. Lakini siku moja haitoshi, ikiwa siku nyingine zote wanazomewa njiani. Na ziko pia nyimbo za kuyacheka makabila ya jirani. Kila kijiji kinazijua zake.

Basi ufanye nini? Usimpige mtoto, hakulitunga neno hilo, alilipokea kwetu. Mwite, mwulize: “Wimbo huu unamsema nani? Naye akiwa hapa, atacheka pamoja nanyi?” Kisha mpe neno jingine la kuweka mahali pake. Watoto wa Ulaya walimweka chui milia, na mchezo unaendelea hata leo.

Leo jioni kaa kibarazani usikilize. Pengine watoto tisa wanaimba kwa furaha, na wa kumi anatazama chini. Huyo wa kumi ndiye mwenye kujua maana ya wimbo.