Je, Wajua? Maumivu Sugu na Malezi ya Utotoni

Tukuyu, mtu mzima akilalamikia mgongo, lawama huangukia kikapu cha chai, mkungu wa ndizi au baridi ya Rungwe. Mara nyingi ni haki. Lakini je, wajua kwamba malezi nayo huhusika?

Mwaka 2015, watafiti wa mji wa Hisayama, Japani, walichapisha majibu ya watu wazima 760 waliosimulia jinsi walivyolelewa. Waliowakumbuka wazazi wasioonyesha upendo huku wakiwabana kwa kila jambo walikuwa na maumivu sugu zaidi, na uhusiano huo ulikuwa na nguvu hasa kwa upande wa baba. Hilo halithibitishi kwamba malezi ndiyo chanzo pekee. Ila mtoto aishiye kwa hofu, mwili wake huzoea kukaa macho, na mishipa ya fahamu inaweza kuja kukuza maumivu hata kidonda kikishapona. Maumivu hayo ni ya kweli. Anayeambiwa anajisingizia anaonewa.

Kwetu suala hili la mtoto kuishi kwa hofu ni zito: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa takriban vijana wa Kitanzania 7 kati ya 10 walipigwa au kuumizwa mwilini kabla ya miaka 18.

Wanyakyusa wa zamani, wenyeji wa Rungwe, walikuwa na vijiji vya rika, alivyovieleza mwanaanthropolojia Monica Wilson mwaka 1951. Wavulana waliondoka nyumbani wakiwa na miaka kama 10, wakajenga pamoja, na kwenda kula kwa mama wa kila mmoja wao. Naamini mwenye baba mkali alipata nafuu humo.