Kabla ya Kumwita Fundi wa Tovuti

Akina mama wenzangu, muuguzi hamchomi mgonjwa sindano kabla ya kumwuliza anaumwa nini. Mimi nalijua hilo kwa kazi yangu, lakini kikundi chetu hapa Kurasini tulilisahau. Tulitaka tovuti ya kuuzia batiki na vyakula vya sherehe, maana tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016, wateja wa Kigamboni wamekuwa karibu. Tukachanga shilingi 600,000, tukamkabidhi kijana mmoja bila kuandika hata mstari mmoja wa tunachotaka.

Baada ya miezi miwili alituonyesha picha nzuri za maua. Bei hazikuwemo, wala namna ya kuagiza. Tena jina la tovuti alikuwa ameliandikisha kwake mwenyewe. Jina hilo ni kama chumba cha kupanga: unalilipia mwaka hadi mwaka. Kijana alipohama, neno la siri lilihama naye. Ada haikulipwa, tovuti ikazimika. Mweka hazina wetu alilia. Fedha zile zilikuwa za akina mama wauza maandazi.

Mara ya pili tulianza na daftari. Tulikaa jioni mbili chini ya mwembe wa kanisa, na mabishano hayakukosekana. Swali lililotuchukua muda ni hili: nani ataifungua tovuti, naye anatafuta nini? Tuliwauliza wateja tisa. Karibu wote hutumia simu, si kompyuta, nao wanataka bei na namba ya kupigia. Basi ile historia ndefu ya kikundi tukaifuta, ingawa katibu alinuna. Zikabaki kurasa nne, tukazichora kwa penseli.

Tukaandika pia kwamba jina la .co.tz liwe la kikundi, neno la siri walishike mama wawili, na ada itengwe kila mwaka. Picha za watoto tuliziondoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu awaeleze ni za kazi gani. Hivyo fomu yetu itauliza jina, simu na mahali pa kupeleka chakula tu.

Ndipo tukamwita fundi mwingine. Alilisoma daftari, akauliza maswali matatu, akataja bei na siku ya kukabidhi. Nusu tumelipa. Nusu nyingine ataipata tukishaagiza sahani ya pilau kwa simu ya mama mkwe wa katibu, ambayo ndiyo kongwe kuliko zote.