Jamaa inayozaliwa ugenini

Katika sehemu zetu za migodi nani asiyejua maana ya kuwa mgeni? Hapa Piana-Mwanga kwenyewe, mitambo ya umeme kwenye mto Luvua ilijengwa wakati wa Wabelgiji ili mashine za bati za Manono zipate nguvu. Kule kusini, kampani ya Union Minière ilichukua wafanyakazi Kasai, Lomami, mpaka Rwanda. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 ikaanza kuwaacha waje na wake zao, sababu iliona kwamba mtu wa peke yake hadumu kazini. Watu wasiosikilizana lugha wakakaa mlango kwa mlango, wakaozeshana watoto, wakaitana shemeji. Na ni katika kambi za namna hiyo, kule Kolwezi, katika miaka ya 1950, Padri Placide Tempels na wakristu wa migodini walianzisha Jamaa, wakifundishana uzima, uzazi na mapendo.

Basi, kwa watu kama sisi kuna filimu moja inayofaa kutazamwa na wazazi pamoja na vijana. Jina lake ni The Good Lie, maana yake Uongo Mwema. Ilitolewa mwaka 2014, na aliyeiongoza ni Philippe Falardeau, mtu wa Kanada. Inasimulia habari za watoto wa Sudani ya Kusini. Lakini mama aliyevuka ziwa Tanganyika mwaka 1996 kwenda Kigoma, au aliyekimbia Pweto mwaka 2000 kwenda Zambia, atajiona ndani.

Aliyesimama kwenye majani

Vita vya Sudani vilianza mwaka 1983. Katika filimu, kijiji kinachomwa, wazazi wanauawa, na watoto wanabaki wenyewe. Theo ndiye mkubwa, anawaongoza. Wanatembea siku nyingi bila maji, na njiani wanakutana na watoto wengine, Paul na Jeremiah. Kuanzia hapo wanatembea kama ndugu.

Siku moja Mamere, mdogo wa Theo, anasimama ovyo katika majani marefu, na askari wanamwona. Theo anamlaza chini, anasimama yeye, anawaambia askari kwamba yuko peke yake. Wanamchukua. Wengine wanapona.

Mamere, dada yake Abital, Paul na Jeremiah wanafika Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992 kaskazini ya Kenya. Wanakomaa hapo. Mwishoni majina yao yanatoka kwenye orodha ya kwenda Marekani. Jambo hilo ni la kweli: vijana wa Sudani karibu 3,800 walipelekwa kule, wengi wao mwaka 2000 na 2001. Tena, wachezaji wawili wa filimu hii, Ger Duany na Emmanuel Jal, wenyewe walikimbia vita wakiwa watoto, na walibebeshwa bunduki. Ndiyo maana machozi yao hayafanani na ya kuigiza.

Marekani si paradiso

Uwanja wa ndege ndipo wanapopata pigo la kwanza. Vijana wanaume watatu wanapelekwa Kansas City, Abital anapelekwa Boston, mbali sana. Wenye karatasi wanasema ndiyo sheria. Ndugu waliotembea pamoja jangwani wanatenganishwa mezani, kwa kalamu tu.

Kijana anayefikiri kwamba kufika Marekani ni kumaliza shida, atazame vizuri sehemu hii. Simu inalia, hawajui ni kitu gani. Mamere anataka kusoma uganga, kwa hiyo anafanya kazi mbili na usiku anakwenda shuleni. Paul anafanya kazi kiwandani, ana mikono mepesi sana, lakini wenzake wanamwingiza katika kuvuta bangi. Jeremiah, mtu wa Biblia, yuko katika duka kubwa la vyakula. Anaambiwa atupe chakula ambacho bado ni kizuri, naye anampa maskini. Wakubwa wanamgombeza, anaacha kazi. Kwake yeye, kumnyima mwenye njaa ni dhambi.

Na mapendo yako wapi? Yanakuja kwa mlango usiotazamiwa. Bibi Carrie, anayechezwa na Reese Witherspoon, kazi yake ni kuwatafutia vijana kazi tu. Si ndugu yao, si mtu wa sala nyingi, nyumba yake haina utaratibu. Lakini polepole anashindwa kuwaacha. Anabisha mlango wa ofisi hii na ile, mpaka Abital anafika kwa kaka zake kwa Noeli. Kumbe hata mwenyeji alikuwa mpweke, naye alihitaji jamaa.

Pasipoti moja, ndugu wawili

Tuseme na mwisho wake, sababu bila huo jina la filimu halieleweki. Habari inafika kwamba Theo yuko hai. Mamere anarudi Kenya, anamtafuta Kakuma, anampata. Anazunguka kila ubalozi, hakuna anayempa Theo karatasi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 milango imekuwa migumu. Basi Mamere anamwambia mkubwa wake kwamba karatasi zimepatikana. Uwanjani anamtia mkononi pasipoti yake mwenyewe. Theo anapanda ndege kwa jina la Mamere, na Mamere anabaki Kakuma kuhudumia wagonjwa.

Je, uongo huo ni mwema? Mtakatifu Agostino alikataa kila uongo, hata wa kuokoa mtu. Tena kusafiri kwa pasipoti ya mwingine ni kosa la sheria, na wengi wamefungwa kwa ajili yake. Lakini katika kitabu cha Kutoka tunasoma juu ya wakunga Shifra na Pua, waliomdanganya Farao ili watoto wasife, na Mungu aliwatendea mema. Hatumwambii kijana yeyote aige Mamere. Tunamwomba atazame jambo moja: nani alilipa? Uongo wa Theo ulilipwa na Theo. Uongo wa Mamere ulilipwa na Mamere.

Tupime na uongo wetu kwa kipimo hicho. Anayeuza nafasi kwenye orodha ya wakimbizi, anayemwandikisha mtoto wa rafiki na kumwacha yatima anayekaa kwake, anayefunga ndoa ya karatasi kisha kumkana mke aliyebaki kambini: hao analipa mwingine. Jamaa haijengwi hivyo.

Na sisi?

Mwaka 2016 Marekani ilipokea wakimbizi Wakongomani zaidi ya 16,000, kuliko wa nchi nyingine yoyote mwaka ule. Mwezi wa kwanza wa 2025 ikasimamisha mpango huo, na jamaa nyingi zikakatika katikati: baba kule, mama Nyarugusu. Wazazi, mkiwa na mtoto ugenini, msimpigie simu kwa kuomba dola tu. Mwulizeni kwanza kama amekula, kama ana mtu wa kusali naye. Huenda anafanya kazi mbili kama Mamere.

Nasi tuliobaki, wageni wanafika kila siku kutafuta bati na coltan, na wengine wamekimbia vijiji vyao. Ruthu wa Moabu alifika Betlehemu bila kitu, akiokota masuke nyuma ya wavunaji. Kwa kuwa Boazi hakumfukuza, alizaa ukoo wa Daudi, na kwa ukoo huo alizaliwa Bwana wetu. Mgeni wa mlango wa pili, nani ajuaye Mungu atatoa nini kwake?

Kwa mazungumzo nyumbani na katika shirika:

1. Katika jamaa yetu, nani alipokelewa bila kuwa wa damu? Anatendewa sawasawa na wengine?
2. Jeremiah aliacha kazi kwa ajili ya chakula kilichotupwa. Alifanya vizuri?
3. Uongo gani unasemwa hapa kwetu, na nani anaulipa?